Mazoezi ya mizani yananizidishia kizunguzungu. Je, niyaache?

Swali: Mimi ni mama wa miaka 47, nakaa Likoni na nauza leso (kanga) kwenye duka la Biashara Street, Mombasa. Mwaka jana wakati wa masika nilipata mafua makali, kisha asubuhi moja nikaamka dunia yote inazunguka. Nilitapika na kulala siku tatu, nikatundikiwa dripu. Mzunguko ule uliisha, lakini tangu hapo, na sasa imetimia miezi kumi, sijawa sawa. Nikigeuza kichwa ghafla kuvuka Digo Road, ardhi inacheza. Mteja akitaka nimfunulie leso moja baada ya nyingine, macho yanachoka na natamani kukaa chini. Feri ya kuvuka kwenda kazini ndiyo adhabu kabisa. Hata swala nasali kwenye kiti kwa kuogopa kusujudu. Presha, sukari, damu na picha ya kichwa vyote vimetoka vizuri. Tembe za kisunzi nameza mpaka leo. Nilipewa karatasi ya mazoezi ya mizani, ya kurudisha usawa wa mwili, nikayafanya siku nne, yakanizidishia, nikaacha. Je, kweli mazoezi yanaponya kitu kama hiki? Na kule kuzidi si dalili kwamba yananiumiza?

Jibu: Dada yangu, pole sana. Miezi kumi ya kukanyaga ardhi usiyoiamini ni mingi, na najua wako watu, nyumbani na dukani, ambao wameshachoka kukusikiliza kwa sababu kwa nje huonekani mgonjwa. Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Mombasa, na maelezo kama yako nayasikia tena na tena, hasa kwa akina mama ambao vipimo vyao vyote vimetoka safi kisha wakaambiwa warudi nyumbani wapumzike.

Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo lililokufanya uache. Kwa mtu mwenye historia kama yako, kuzidi kule hakuonyeshi kwamba umeumia. Mazoezi haya hufanya kazi kwa kukiamsha kizunguzungu kidogo kidogo, kwa makusudi na kwa kipimo, kisha kukiacha kitulie, mpaka ubongo ujifunze kukabiliana nacho. Zoezi lisilokuamshia chochote halikufundishi chochote. Kilichoharibika siku zile nne ni kipimo. Ulianza yote kwa mkupuo mmoja, na hakuna aliyekaa nawe kukueleza utarajie nini jioni yake. Mtu yeyote angeacha.

Na la kwanza, ndiyo, yanaponya. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio 39 yenye wagonjwa zaidi ya 2,400 ambao sikio lao la ndani la upande mmoja lilikuwa limepungua nguvu, yakaona kwamba mazoezi ni salama na yanasaidia. Lakini yanamsaidia yule ambaye shida yake ni ya aina hiyo. Kwa hiyo kabla sijakupa hata zoezi moja, tuhakikishe kwanza kwamba tunazungumzia ugonjwa mmoja.

Wanaokuja kwangu wakilalamika kizunguzungu huwa na mambo tofauti kabisa. Yupo anayeona giza akiinuka kitini, mara nyingi mzee anayemeza dawa mbili tatu za presha. Huyo apimwe presha akiwa amelala, apimwe tena akiwa amesimama, na daktari azitazame upya dawa zake. Yupo aliyepungukiwa damu. Yupo kijana anayetafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, usiku kucha bila maji wala usingizi. Yupo ambaye sukari imemtia ganzi nyayoni, hajui mguu umekanyaga wapi. Yupo mwenye kipandauso kinachokuja na kisunzi, wakati mwingine bila kichwa kuuma hata kidogo, na asipotibiwa kipandauso chenyewe mazoezi yatamchosha bure.

Halafu kuna chembe, na hili nakuomba ujichunguze usiku wa leo, maana mtu aliyeugua kama ulivyougua huweza kulipata baadaye bila kutambua kwamba ni shida nyingine mpya. Ndani ya sikio la ndani kuna chembe ndogo sana za chokaa zilizokaa mahali pake. Zikibanduka zikaingia kwenye mfereji mmojawapo, basi ukigeuka kitandani, ukilala chali au ukitazama juu, chumba kinazunguka kwa nguvu, lakini kwa muda usiozidi dakika moja, kisha kimya. Kama ndivyo inavyokutokea, usipoteze wiki sita kwa mazoezi ninayokueleza hapa chini. Mwone daktari au mfiziotherapia anayejua kukulaza upande upande na kuyatazama macho yako. Chembe zikiwa ndani, macho hurukaruka kwa namna inayojulikana. Akishajua ni sikio gani, anakigeuza kichwa chako hatua kwa hatua mpaka chembe zirudi zilikotoka. Njia inayotumika zaidi aliieleza daktari wa Marekani, John Epley, mwaka 1992. Inachukua dakika chache juu ya kitanda, na wengi hupona kwa mara moja au mbili. Inaniuma kila ninapokutana na mtu aliyemeza tembe mwaka mzima kwa shida ambayo dawa yake ilikuwa ni kugeuzwa tu.

Na zipo dalili za kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, bila kusubiri kukuche: kizunguzungu kipya kilichokuja pamoja na ulimi mzito, uso uliopinda, kuona viwili viwili, mkono au mguu kulegea, kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa, kushindwa kabisa kusimama, kuzimia, maumivu ya kifua, au sikio moja kuziba ghafla likaacha kusikia. Kiharusi cha nyuma ya ubongo kinaweza kujificha ndani ya kizunguzungu, na mwenye presha au sukari asijipe matumaini kwamba ni uchovu.

Kama hayo yote hayapo, basi yaliyokukuta, japo siwezi kukupima kwa maandishi, yanafanana sana na ugonjwa wa neva ya mizani. Ndani zaidi ya ngoma ya kila sikio kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa maji. Ukigeuza kichwa, maji hubaki nyuma kidogo, yanasukuma vinywele vidogo sana, na neva inapeleka habari ubongoni kwamba kichwa kimegeuka. Hata ukiwa umetulia tuli, masikio yote mawili yanaendelea kutuma ishara zao kwa nguvu sawa. Neva ya upande mmoja ikivimba, na mara nyingi hudhaniwa kwamba ni kwa sababu ya virusi, upande ule unanyamaza. Unakuwa kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja tu: hauendi mbele, unazunguka. Zile siku zako tatu za kutapika ndizo hizo.

Mzunguko ulikwisha kwa sababu ubongo ulianza kujirekebisha, lakini kazi hiyo haikumalizika. Mara nyingi neva iliyoumia hairudi nguvu zake zote, na hata hivyo watu wengi hupona, kwa kuwa ubongo hujifunza kuishi na habari za upande mmoja. Nikuonyeshe jambo moja. Shika simu yako mbele ya macho, usome maneno huku kichwa kikigeuka kushoto na kulia haraka. Mtu mzima wa afya anasoma bila shida, kwa sababu kila kichwa kinapokwenda kulia, macho yanarudishwa kushoto kwa kiasi kilekile, ndani ya muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Sasa geuza simu, kichwa kitulie. Maneno yanafifia. Kazi ile ya kuyatuliza macho kichwa kikitembea hufanywa na sikio la ndani, na kwako upande mmoja umelegea. Ndiyo maana unapogeuza kichwa kutazama tuktuk pale Digo Road, barabara inacheza: macho yanachelewa kufika yanapotakiwa.

Leso na feri ni jambo la pili, na pengine sasa ndilo linalokutesa zaidi. Ili usianguke, ubongo hutegemea sehemu tatu: masikio ya ndani, macho, na nyayo pamoja na viungo. Sikio lilipokusaliti, ubongo ukayaegemea macho kupita kiasi. Ukiwa chumbani hakuna shida. Lakini dukani, leso zinafunuliwa mbele yako, pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na maua ya rangi tatu nne vinapita, na ubongo unadhani wewe ndiye unayesogea. Kwenye feri ni vivyo hivyo: maji yanapita, umati unasukumana, sakafu inatetemeka. Mwaka 2017 Jumuiya ya Bárány, ambayo ni ya wataalamu wa masikio na neva, ilitoa vigezo rasmi vya hali ya namna hii: kuyumba au kichwa kuwa chepesi siku nyingi kwa miezi 3 au zaidi, kunakozidi mtu akisimama, akitembea, au akiwa mbele ya vitu vingi vinavyosogea, na mara nyingi huanza baada ya ugonjwa kama wako. Kwa hiyo hujisingizii. Vipimo kutoka safi hakumaanishi kwamba hakuna ugonjwa. Maana yake ni kwamba hakuna kilichovunjika cha kuonekana kwenye picha.

Sasa tembe. Hukunitajia jina, ila zinazotolewa sana ni Stemetil, Stugeron na ndugu zao. Zina kazi nzuri sana siku mbili tatu za mwanzo, mtu anapotapika hajui juu wala chini. Baada ya hapo zinageuka kizuizi, maana zinazima zile ishara ambazo ubongo unazihitaji ili ujifunze. Ukizimeza miezi kumi unaubembeleza ubongo usinzie darasani. Tena zikimezwa muda mrefu huweza kuleta mikono kutetemeka na mwili kukakamaa, hasa kwa wenye umri mkubwa. Usizitupe leo. Mwambie daktari aliyekupa: nataka kuanza mazoezi ya mizani, naomba unipunguzie taratibu. Kama ni dawa ya aina nyingine, atakwambia. Na dawa ya presha, kama unayo, usiiguse.

Kutembeza mgonjwa badala ya kumlaza si jambo la leo. Miaka ya 1940 huko London, wakati wa vita, daktari wa masikio Terence Cawthorne na mwenzake Cooksey waliona kwamba wagonjwa wa kisunzi waliosogea mapema walipona upesi kuliko waliolala. Wakatunga mazoezi yanayoanzia kitandani kwa macho na kichwa, yakapanda hadi kukaa, kusimama, kurushiana mpira na kutembea macho yamefumbwa. Karatasi nyingi zinazogawiwa hospitalini mpaka leo ni wajukuu wa orodha ile. Kasoro yake ni kwamba zinampa kila mtu kitu kilekile. Kwa miezi kumi yako ningeanza na kitu kimoja tu.

Chukua kadi nyeupe, andika herufi moja kwa kalamu nzito, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Ibandike kwenye ukuta mtupu, usio na picha wala kalenda, usawa wa macho yako. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani. Ikazie macho herufi. Kisha geuza kichwa kushoto na kulia, kidogo tu, vile unavyotikisa kichwa kusema hapana, macho yasibanduke. Herufi lazima iendelee kusomeka. Ikianza kutetemeka, punguza kasi. Ikiwa imetulia kabisa na huhisi lolote, ongeza kasi. Sekunde 20 zinatosha mwanzoni. Acha, tulia, subiri mpaka kichwa kirudi mahali pake, kisha fanya tena, safari hii kichwa kiende juu na chini. Umemaliza. Asubuhi, mchana, jioni. Shingo ikikuuma, punguza upana wa kugeuza wala usilazimishe.

Wiki ya kwanza usiongeze kingine. Kuanzia ya pili panda polepole: sekunde 30, kisha dakika nzima, kutoka kukaa kwenda kusimama, kutoka miguu iliyoachana hadi miguu iliyobanana. Mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia ya neva wa Marekani, uliorekebishwa mwaka 2022, unataka mgonjwa wa zaidi ya miezi 3 afikie angalau dakika 20 kwa siku za mazoezi haya ya kutuliza macho, zikigawanywa mara 3 hadi 5, kwa wiki 4 hadi 6. Wewe hutaanzia hapo, utafika hapo. Mwongozo huohuo unakataza jambo ninaloliona kila mara kwenye video za simuni: kukaa na kichwa kimetulia, macho yakifuata kalamu huku na huku, ukadhani hiyo ndiyo tiba. Kichwa kisipotembea, sikio halifanyi kazi yoyote.

Kipimo cha kujua kama umezidisha ni hiki, na ndicho ulichokosa mara ya kwanza. Kabla ya kuanza, jipe alama ya kizunguzungu kutoka 0 hadi 10. Ukianza na 2, ruhusu kipande hadi 4 au 5. Kikifika hapo, simama. Kikirudi chini ndani ya robo saa au dakika 20, kipimo ni sawasawa, kesho rudia kilekile. Kikikung'ang'ania mpaka jioni au ukaamka nacho, kesho fanya nusu. Usiache. Naomba ulishike hilo kuliko yote niliyoandika: siku mbaya inapunguziwa kipimo, haifutwi. Mtu anayefanya kidogo kila siku humpita kwa mbali anayefanya saa nzima Jumamosi kisha akalala Jumapili.

Herufi ikishakutii ukiwa umesimama mbele ya ukuta mtupu, hapo leso zako zinaingia kazini. Chagua leso moja iliyopoa, yenye rangi mbili na mji usio na maua mengi, uitundike ukutani, halafu kadi yako ibandike katikati yake. Zoezi ni lilelile, lakini sasa nyuma ya herufi kuna vitu. Utaona tofauti mara moja, na alama zako zitapanda; rudi sekunde 20. Baada ya siku kadhaa, tundika yenye rangi kali, yenye vidoto au maua ya umbo la korosho yaliyobanana. Kisha toa kadi kabisa, chagua herufi moja kwenye lile jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, uikazie macho. Mwisho wa ngazi hiyo, mwombe mtoto aipeperushe leso taratibu huku wewe umesimama unaitazama, dakika moja, ukihema kawaida. Wagonjwa wa nchi nyingine hununuliwa mabango ya mistari na mitambo ya taa kwa kazi hii. Wewe umezungukwa na kifaa chako kutwa nzima, na tofauti kati ya leso inayokutesa na leso inayokutibu ni kwamba ya pili umeichagua wewe, kwa muda uliopanga, na unajua utasimama lini.

Ila dukani usipande stuli kushusha mzigo wa juu kwa sasa. Mwachie kijana.

Mazoezi ya kusimama hufanyiwa kwenye kona ya chumba. Mgongo uelekee kona, kuta mbili zikuzunguke bila kuziegemea, mbele yako weka kiti. Mtu wa nyumbani awe karibu. Bananisha miguu, macho wazi, nusu dakika. Ukiweza bila kugusa ukuta, fumba macho. Hapo ndipo wengi hushtuka, kwa sababu macho yakizimwa unabaki na nyayo na masikio, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Ikiwa rahisi, simama juu ya godoro dogo lililokunjwa au mto mzito, macho wazi kwanza. Baadaye weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole. Fanya peku, sakafu kavu. Wenye ganzi ya nyayo wao wabaki macho wazi.

Nguvu za kutembea tafuta asubuhi, jua halijakolea. Ninyi wa Likoni mna bahati ya Shelly Beach. Maji yakiwa yamekupwa, anza kwenye mchanga mgumu uliolowa, ambao ni kama sakafu. Tembea hatua kadhaa ukitazama mbele, kisha geuza kichwa utazame bahari hatua tatu, kisha mbele, kisha upande wa nchi kavu hatua tatu, bila kusimama. Utapepesuka, ndiyo kazi yenyewe. Mwenzako atembee upande unaopepesukia. Mchanga mkavu unaozama uache mpaka wiki za mbele. Na jambo ambalo watu hawaambiwi: usiingie baharini peke yako kwenye maji yanayozidi kiuno. Chini ya maji macho hayaoni vyema na nyayo hazigusi, na mwenye sikio dhaifu huweza kukosa kujua juu ni wapi.

Nikuangalie pia unavyotembea, kwa maana nina hakika hata bila kukuona. Unatazama chini miguuni, mabega umeyakaza, na mkono unatafuta ukuta. Kila mwenye kizunguzungu cha muda mrefu hufanya hivyo, nami siwalaumu, hofu ya kuanguka ni kweli. Lakini kichwa kilichokazwa hakilipi sikio lile nafasi ya kufanya kazi, na kadiri unavyokikaza ndivyo kinavyozidi kuwa kigeni kikigeuka. Inua macho, tazama mbali, legeza mabega, acha mikono ipunge. Hilo peke yake huwapa wengine nafuu kabla ya mazoezi hayajakolea.

Kwa swala, dini imekupa ruhusa ya kiti na hakuna anayekuwekea muda. Ukitaka kurudi chini, rudi kwa ngazi, nje ya wakati wa swala. Kaa kitini, inama taratibu mpaka kichwa kifike usawa wa magoti, hesabu hadi tano, inuka, tulia, rudia mara tatu nne. Hiyo ikizoeleka, jaribu rukuu umesimama karibu na ukuta. Kisha sujudu kwenye mto uliowekwa juu ya mswala, kisha mto mwembamba, kisha mswala wenyewe. Kuinuka ndiko huwatia watu kisunzi kuliko kuinama, kwa hiyo inuka kwa vituo. Na ukihisi mzunguko mkali wa nusu dakika kila unaposujudu, rudi kwenye habari ya chembe niliyokueleza juu.

Feri iache hadi herufi iwe inasomeka kwenye leso yenye maua. Unavuka kwa ajili ya kazi, najua, na siwezi kukuambia usivuke. Ninachosema ni kwamba kivuko cha alfajiri chenye umati hakihesabiki kuwa zoezi. Hicho ni cha kuvumilia tu: shika chuma cha pembeni, macho yatazame majengo ya ng'ambo yasiyosogea, na usisome simu. Zoezi lifanye siku ya mapumziko, katikati ya asubuhi umati ukiwa umepungua, ukiwa na mtu. Mara ya kwanza vuka ukitazama ng'ambo tu. Ukiizoea, yatazame maji sekunde chache, rudisha macho ng'ambo, rudia. Baadaye geuza kichwa huku na huku kutazama watu. Wakati wa upepo wa kaskazi mlango wa bahari huwa umetulia zaidi, basi heri uanze kabla upepo wa kusi haujashika. Moyo ukikuenda mbio na pumzi kukatika pale, jua kwamba hofu nayo imejifunza njia yake ndani ya miezi hii, na ikikuzidi nguvu mwambie daktari; zipo tiba za mazungumzo na dawa zinazosaidia hali hiyo, na kuzihitaji hakupunguzi ukweli wa ugonjwa wako.

Usitarajie mstari ulionyooka. Wiki mbili za mwanzo wengi husema hakuna kitu, au wamechoka zaidi. Kisha siku moja mtu anagundua amevuka barabara bila kufikiria. Baadaye ukipata homa, ukikosa usingizi, au ukiwa na msiba, kizunguzungu huweza kurudi kwa siku chache. Neva haijaumia upya, ni ubongo uliochoka umelegeza kamba. Rudi kwenye kadi na ukuta mtupu, utapanda haraka kuliko mara ya kwanza. Ramadhani ikikukuta katikati, sogeza vipindi vyako baada ya futari na kabla ya daku, maana njaa na kiu huongeza kichwa chepesi, na hutajua kipi kimesababishwa na kipi.

Wapo ambao njia yao ni ndefu zaidi. Aliyechomwa sindano za gentamisini au streptomaisini zikamharibu masikio yote mawili hana upande mzima wa kumsaidia. Yeye hufanya mazoezi dakika 20 hadi 40 kwa siku, kwa wiki nyingi zaidi, na gizani atahitaji tochi siku zote. Na mwenye ugonjwa wa Ménière, ambao huja kwa mashambulizi ya saa kadhaa na sikio kuvuma, atulizwe mashambulizi kwanza.

Ukifanya kwa uaminifu wiki sita na alama zako hazijashuka hata kidogo, usijilaumu na usiendelee kimyakimya. Omba rufaa kwa daktari wa masikio upimwe nguvu za kila sikio peke yake. Wakati huohuo fika idara ya fiziotherapia, uulize moja kwa moja ni nani pale aliyefunzwa tiba ya mizani, kwa sababu si kila mmoja wetu amefunzwa na hakuna ubaya kuuliza. Njoo na tembe zako zote kwenye mfuko, na alama ulizoandika kila siku, hata zile za siku mbaya, na mtu mmoja wa nyumbani aone kwa macho yake unavyofanya, maana ndiye atakayesimama karibu nawe pale konani.